Hema la Kambi Tulichague kwa Kipimo Gani?



Likizo ikikaribia, jumuiya huanza kuzungumzia kambi, na mazungumzo ya mahema huishia kwenye bei. Mimi naona tuanzie kwingine. Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anazihesabu nyumba za ngozi za wanyama kuwa ni neema, na sifa anayoitaja ni wepesi wake, siku ya safari na siku ya kupiga kambi. Siku zote mbili zimetajwa. Hema jepesi mgongoni, lakini linalowasumbua watu saa nzima kulisimamisha, limefaulu nusu tu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kimo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi hapa Uganda, kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi kwa anayeweza. Mtu mzima wa afya, anayeweza kutoka nje, haswali faradhi ameketi kwa sababu tu hema lake ni fupi. Kwa sisi wanaume si taabu. Tunatoka na mkeka. Lakini dada zetu, alfajiri, mvua inanyesha, watoke waende wapi? Ndiyo maana nasema hema la kwanza kununuliwa liwe refu, la akina dada, ambamo aliye mrefu kuliko wote atasimama na kurukuu bila kugusa paa. Yetu yatafuata pesa zikibaki.

Halafu kuna sitara. Kitambaa chembamba cha rangi nyepesi mchana huonekana kizito, ila usiku tochi ikiwashwa ndani, kivuli cha anayebadili nguo huonekana chote kwa walio nje. Chagueni kitambaa kizito, chenye rangi iliyokoza, na mkijaribu gizani kabla ya safari.

Mvua za miteremko ya Mlima Elgon hazina mzaha. Kwenye lebo mtaona tarakimu za milimita: ni urefu wa maji ambao kitambaa hustahimili kabla hakijaanza kuvuja. 1500 inatosha manyunyu. Kwetu tutafute 3000, na sakafu izidi hapo, kwa kuwa magoti na viganja vya anayesujudu hukandamiza maji yaliyo chini yapenye. Mishono iwe imezibwa kwa utepe kwa ndani. Na lebo ikisema "watu 4", hao ni wanne waliobanana bega kwa bega, bila mabegi. Hesabuni watatu, au wawili.

Kuhusu moto sina maneno mengi. Aprili 1997 moto ulizuka katika mahema ya mahujaji Mina, wakafa zaidi ya watu 340, na baadaye yakawekwa mahema ya kitambaa kisichoshika moto kwa urahisi. Sigiri isiingie hemani hata kukiwa na baridi ya namna gani; hata bila ndimi za moto, hewa ya mkaa huua waliolala.

Pesa hizi ni michango ya wanachama, kwa hiyo ni amana. Tumwombe muuzaji tulisimamishe hema nje ya duka na kumwagia ndoo ya maji kwenye mishono kabla ya kulipa. Na katika watakaokwenda dukani wawemo dada wawili, maana ndio watakaolala humo.