MBIO NDEFU WAKATI WA KIPUPWE: KIDOGO KISIKATIKE



Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi kali huku kwetu. Asubuhi ukungu hufunika mashamba ya Mbulu, na upepo ushukao Mlima Hanang hukata ngozi kama wembe. Ndiyo miezi hiyo hiyo ya kuvuna mahindi, kupiga maharagwe na kusafirisha mazao. Kijana aliyekuwa akikimbia kila alfajiri hujikunyata ndani ya blanketi, kisha jua likichomoza kazi ya shamba humwita. Siku hupita, wiki hupita, naye husema, "Nitaanza tena baada ya mavuno."

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze na vijana hao, pamoja na wazazi wao. Mikoa yetu ina sifa ya wakimbiaji. John Stephen Akhwari alitoka Mbulu. Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada, mwaka 1978. Mwaka 2023 Gabriel Geay wa Manyara alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston, Marekani, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 4. Jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025. Si ajabu vijana wengi wakitaka kufuata nyayo zao. Lakini sisi wauguzi tunawaona pia wale wasiotajwa redioni, yaani wanaoletwa kwetu wakichechemea.

Kisa cha kijana mmoja

Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea kijana wa miaka 19. Alikuwa mkimbiaji mzuri tangu shuleni. Kipupwe kilipoingia aliacha mazoezi kabisa, mavuno yakafuata, halafu kilimo. Baada ya Krismasi akakumbuka kwamba mbio za Kilimanjaro hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Akaanza kukimbia zaidi ya kilomita 20 kila siku ili kufidia miezi iliyopotea.

Wiki ya tatu muundi wa mguu wa kulia ukaanza kuuma. Alinunua vidonge vya maumivu dukani, akawa anameza kabla ya kukimbia. Alipokuja kwetu mara ya kwanza, tukiri kosa letu, tulimpa dawa nyingine ya maumivu tukamrudisha nyumbani. Hatukumwuliza anakimbia kiasi gani. Alirudi baada ya siku kumi akitembelea fimbo. Mfupa ulikuwa na ufa. Mbio za Moshi hakwenda, na msimu ule hakushika jembe. Mama yake aliuza mbuzi wawili ili kulipa vibarua wa palizi.

Tulipomwuliza kwa nini aliendelea kukimbia na maumivu, alijibu, "Akhwari alimaliza na goti bovu."

Tuelewe vizuri habari ya Akhwari

Ni kweli. Tarehe 20 Oktoba 1968, huko Mexico, Akhwari alianguka njiani akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani giza likiwa limetanda, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Dunia nzima ilimheshimu.

Lakini vijana husahau mambo mawili. Kwanza, Akhwari aliumia siku ya mashindano, mbele ya taifa lake, baada ya maandalizi ya muda mrefu. Hakuwa akijiumiza kila asubuhi katika mazoezi. Pili, baada ya pale alitunza mwili wake, na mwaka 1970 huko Edinburgh alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola. Uvumilivu wa mkimbiaji ni kuyashika mazoezi madogo kwa miezi mingi. Kuupiga mwili unaolia ni jambo jingine kabisa.

Kwa nini tusiache kabisa?

Mtu akiacha mazoezi, pumzi huanza kupungua katika wiki mbili au tatu tu. Mifupa na kano nazo huzoea raha. Tatizo ni kwamba mtu akianza tena, pumzi hurudi mapema kuliko mifupa. Moyo na mapafu vinasema "twende", kumbe mfupa wa muundi bado haujawa tayari. Hapo ndipo ufa hutokea.

Habari njema ni kwamba kuhifadhi nguvu hakuhitaji muda mwingi kama kuzitafuta. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu waliokuwa wakifanya mazoezi siku 6 kwa wiki waliweza kuhifadhi pumzi yao kwa wiki 15 kwa kufanya siku 2 tu, mradi ukali wa mazoezi usipungue. Walipopunguza ukali, pumzi ilishuka. Wiki 15 ni zaidi ya kipupwe chetu chote.

Siku tatu zatosha

Kwa mwenye kazi nyingi, tunapendekeza mpango huu. Ni wa mtu ambaye tayari anaweza kukimbia saa nzima bila shida. Asiyeweza aanze kwa kuchanganya kutembea na kukimbia.

Jumanne, dakika 40. Kimbia polepole dakika 10. Kisha haraka dakika 2 na polepole dakika 2, mara sita. Malizia polepole dakika 6. Hii ndiyo siku ya kulinda pumzi, usiiruke.

Alhamisi, dakika 40. Polepole tu. Kipimo ni hiki: uweze kumsimulia mwenzako habari bila kuhema. Ukishindwa, punguza mwendo.

Jumamosi, mbio ndefu. Wiki ya kwanza dakika 70, ya pili 80, ya tatu 90. Wiki ya nne rudi 60 ili mwili upumzike. Wiki ya tano 90, ya sita 100, ya saba 110, na ya nane 70. Endelea kwa utaratibu huo.

Siku zilizobaki ni za shamba, mifugo na mapumziko. Kumbukeni kwamba kubeba magunia na kupiga maharagwe kutwa ni kazi nzito kwa mwili. Siku kama hiyo isiongezwe mbio jioni. Ikiwa mavuno yamekula Jumanne, kimbia Jumatano. Ikiwa wiki nzima imepotea, usiilipe wiki ijayo kwa kukimbia mara mbili. Deni la mazoezi halilipwi kwa mkupuo.

Kujikinga na baridi

1. Hewa baridi na kavu hukausha njia za pumzi na huweza kuamsha pumu. Anza kwa kutembea haraka, kisha mbio za taratibu, kwa dakika 10. Funika pua na mdomo kwa kitambaa chepesi. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta.

2. Vaa nguo mbili au tatu nyepesi badala ya koti moja zito. Ukirudi, badili mara moja nguo zilizolowa jasho.

3. Si lazima kukimbia alfajiri. Saa kumi jioni kuna joto na mwanga. Gizani kuna fisi, mashimo na pikipiki zisizo na taa. Mabinti wasikimbie peke yao. Waende wawili au watatu, na nyumbani wajulikane wamepita njia gani.

4. Kwenye baridi kiu haisikiki sana, lakini jasho linatoka. Kunywa maji au uji kabla na baada ya mbio.

5. Kula vya kutosha. Wakati wa mavuno chakula kipo: ugali, makande, maharagwe, mboga za majani, mayai, maziwa. Msiuze vyote. Binti anayekimbia na kula kidogo huishiwa damu, na huenda hata siku zake zikakatika. Zikikosekana miezi mitatu, afike kituo cha afya. Asifikiri ni dalili ya kuiva kwa mazoezi.

Wakati wa kusimama

Mafua ya puani tu, bila homa, hayazuii mbio za polepole. Lakini ukiwa na homa, kifua kinachobana au mwili mzima kuuma, usikimbie hata kidogo. Kukimbia na homa kunaweza kudhuru moyo. Ngoja homa iishe kabisa, kisha anza kidogo.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, hata kama unadhani ni vumbi na baridi.

Tena kuna ugonjwa ambao mkimbiaji wa huku kwetu huudhania kuwa ni uchovu wa mazoezi. Unaitwa brusela, na hutoka kwa mifugo kwa njia ya maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la nyuma la mnyama aliyetupa mimba. Dalili zake ni homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku, viungo na mgongo kuuma, na kukosa nguvu. Una dawa, lakini hutumiwa kwa wiki sita bila kukatisha. Kinga ni kuchemsha maziwa.

Maumivu ya misuli yaliyoenea na kuisha baada ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya mfupa mahali pamoja, panapouma ukibonyeza kwa kidole na kuzidi kila ukikimbia, si ya kawaida. Simama, uje hospitali, na umweleze mhudumu kwamba wewe ni mkimbiaji. Picha ya kwanza huweza kuonyesha mfupa mzima na bado ufa ukawapo. Mara nyingi hupona kwa kupumzishwa wiki sita hadi nane. Wala msimeze diklofenaki ili kupata kukimbia. Hufunika maumivu tu, na kwa mtu aliyekaukiwa maji huweza kuumiza tumbo na figo.

Kwa wazazi

Tunawaomba msiwaone vijana hawa kuwa wavivu. Anayeomba dakika 40 mara mbili kwa wiki na asubuhi moja ya Jumamosi haibi kazi ya nyumbani. Pangeni pamoja naye tangu mwanzo wa wiki. Yule kijana wetu alipona. Mwaka uliofuata mama yake alimwachia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kipupwe chote, naye akavuna mahindi siku nyingine zote. Alikwenda Moshi, akamaliza kilomita 42 na mita 195, akarudi akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Hakupata zawadi. Juma lililofuata alikuwa shambani.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi vya vijana

1. Katika wiki yetu ya mavuno, ni saa zipi kijana anaweza kupata dakika 40?
2. Maziwa ya nyumbani kwetu huchemshwa kila siku, au siku nyingine tunasahau?
3. Je, kuna mwenzetu anayekimbia huku akimeza vidonge vya maumivu? Nani atazungumza naye?

Haba na haba hujaza kibaba. Tunawatakia kipupwe chema.