Kariakoo, Mchikichini na Jangwani: Asili na Maana ya Majina Matatu ya Mahali Jijini Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Aghalabu majina ya mahali huchukuliwa kuwa alama tupu zisizo na maana. Makala hii inachunguza majina ya kata tatu za jirani jijini Dar es Salaam na kudai kwamba kiambishi tamati -ni husaidia kubainisha njia mbili za kutaja mahali: kwa kitu kilichokuwapo na kwa watu waliopitia hapo.

2.0 Majina yenye -ni

Mchikichini linatokana na mchikichi, mti uzaao mawese, na kiambishi -ni cha mahali. Mti huo hustawi penye unyevu, na kata hiyo iko kando ya bonde la Msimbazi. Jina na mazingira vinaafikiana. Muundo huohuo umo katika Mikocheni, ila huko mikoche imetajwa kwa wingi.

Jangwani lina utata zaidi. Leo jangwa humkumbusha msikilizaji mchanga mkavu, ilhali Jangwani ni bonde lenye matete ambalo hufurika, kama ilivyotokea Desemba 2011. Utata huo hupungua ikizingatiwa kuwa maana pana ya jangwa ni ardhi tupu isiyo na miti wala makazi; ukavu si sharti.

Ikumbukwe pia kwamba -ni haibagui asili ya neno. Gerezani limejengwa juu ya gereza, neno lililotokana na igreja la Kireno, yaani kanisa. Kinachohitajika ni kwamba neno liwe limekwisha kuwa nomino ya kawaida ya Kiswahili.

3.0 Kariakoo

Waingereza waliuteka mji mwaka 1916. Jengo la soko lililojengwa na Wajerumani likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa mizigo ya jeshi. Kifonolojia, Carrier limetoa karia, na Corps, ambalo p na s zake hazitamkwi, limetoa koo, yenye silabi mbili na mkazo katika silabi ya kwanza. Ni dhahiri kuwa neno liliingia kwa sikio, si kwa jicho. Nairobi, jina la asili hiyohiyo huandikwa Kariokor, na r ya maandishi ya Kiingereza imebaki.

Kariakoo halikupata -ni kwa kuwa liliingia likiwa jina la kikosi, si la kitu. Aidha, corps limetokana na corpus la Kilatini, yaani mwili, na asili hiyohiyo imezaa corpse, yaani maiti. Ulinganifu huo ni wa kusadifu tu, lakini ni mzito: wachukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na njaa.

4.0 Hitimisho

Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamwonyesha askari mwenye bunduki. Wachukuzi wametajwa katika maandishi. Kinyume chake, jina lao hutamkwa kila siku na wauzaji, wanunuzi na makondakta. Hata hivyo, kwa wengi Kariakoo humaanisha soko. Mwalimu wa isimu anayefundisha ukopaji wa maneno kwa mfano huu, basi, hafundishi fonolojia peke yake. Anawarudishia wachukuzi jina lao.