Joto la Muscat au baridi ya Minneapolis?

*Daktari, mama yangu ana miaka 68 na ana shinikizo la damu. Mimi naishi Muscat, kaka yuko Minneapolis. Atavumilia kipi zaidi: fukuto la huku au baridi kali ya kule? Binti, Muscat*

Binti, hofu yako ina msingi. Mwili hupoa jasho linapokauka. Hewa ikijaa unyevu, jasho hutiririka tu na joto hubaki mwilini. Baridi nayo huibana mishipa, shinikizo likapanda, lakini nguo nzito na nyumba yenye joto humkinga mtu. Hivyo baridi huvumilika zaidi, mradi ajiandae.

Kwako, atoke alfajiri, anywe maji kabla ya kiu, na daktari wake apitie dawa zake, hasa za kukojosha. Kwa kaka, avae nguo juu ya nguo, kofia na viatu visivyoteleza kwenye barafu.

Akichanganyikiwa au akizimia kwenye joto, mpozeni kwa maji na pigeni simu ya dharura. Ulimi ukiwa mzito, popote alipo, pigeni simu hiyo bila kusubiri.

Ushauri wangu ni aepuke yote mawili: Desemba hadi Februari akae Muscat, Juni hadi Agosti aende Minneapolis.