NANI HUAMUA KUWA MWENYE ULEMAVU ALIPWE?

Wengi wetu tunadhani mtu akishapofuka au kukatwa mguu, basi posho yake ipo serikalini inamsubiri. Sivyo. Tanzania Bara haina posho inayolipwa kila mwenye ulemavu. Kwa mkazi wa Masieda, huko Mbulu, njia kuu imekuwa TASAF, kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza 2012. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, iliongeza ruzuku kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu.

Zingatia neno kaya. Mkutano wa kijiji ulitaja kwanza kaya duni kabisa, likajazwa dodoso la nyumba, mali na idadi ya watu, kisha majina yakarudishwa kwa wanakijiji kuthibitishwa. Hivyo asiyeona aliye katika kaya yenye ng'ombe wengi aliweza kuachwa, na hapo hakuonewa.

Anayeonewa ni yule mtoto wa ndani. Baba anaulizwa ana watoto wangapi, anataja wanne. Wa tano, mwenye kifafa au ulemavu wa akili, hamtaji kwa kuona aibu. Asiyetajwa hahesabiwi! Sensa za 2012 na 2022 ziliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kujihudumia. Jibu kwa namna hiyo hiyo. Ikiwa unamwogesha kijana wa miaka kumi na tano na kumbeba hadi chooni, sema wazi. Kusema "anajitahidi" ni kumnyima haki yake.

Aliyeumia kazini ana mlango mwingine, nao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huko ni daktari anayepima: ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipiwa pensheni ya kila mwezi, na usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo. Taarifa itolewe mapema, usikae hadi miezi 12 ikapita. Mkulima anayejilimia shamba lake hana mwajiri, kwa hiyo mlango huu si wake.

Jirani zetu Kenya, tangu 2011, wanaangalia pia kama mtu anahitaji kuhudumiwa muda wote.

Kama jina limerukwa, anza kwa mtendaji wa kijiji, kisha mratibu wa TASAF halmashauri. Nenda na maandishi ya daktari, kwa mfano wa Hospitali ya Haydom, yanayoeleza mgonjwa anashindwa kufanya nini, si jina la ugonjwa peke yake, na ubaki na nakala.