Somo la wiki: Picha za Tingatinga na kinachoshika bei yake

Mfanyabiashara anayepita Morogoro Stores, Oysterbay, jijini Dar es Salaam, anaweza kuonyeshwa picha mbili za chui zenye ukubwa mmoja na rangi zinazofanana, lakini bei ya moja ikawa mara nne ya nyingine. Akiuliza sababu ataambiwa kwamba mkono ni tofauti. Wengi hulichukulia jibu hilo kuwa ni maneno ya muuzaji tu, wakabeba ile ya bei ya chini wakidhani wamepata. Somo la wiki hii linahusu mkono huo, kwa kuwa ndio unaoamua nani apate faida katika biashara hii na nani abaki na mzigo.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi kama vijana wengi wa kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora. Hakusomea sanaa popote. Alitumia vitu vilivyokuwa vikipatikana madukani: hadibodi ya dari iliyokatwa vipande vya mraba, na rangi za makopo za kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, ambako wageni waliokuwa wakiishi Oysterbay walikwenda kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani gari alilokuwamo lilikuwa la wahalifu. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu.

Biashara nyingi ndogo huzikwa na mwenyewe. Hii haikuzikwa, kwa sababu Tingatinga alikuwa amekwisha kuwafundisha kazi ndugu na jamaa zake. Hao waliendelea kwa pamoja, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Kilichokuwa kazi ya mtu mmoja kikawa sanaa ya jiji zima, na leo picha za mtindo huo huuzwa hata Arusha, Zanzibar na Kenya.

Sasa hesabu. Katika vinyago vya mpingo, mali ghafi yenyewe inasaidia kushika bei. Mpingo hukua polepole mno, mti huchukua miongo mingi kufikia kukatwa, na gogo zuri halipatikani kwa bei ya kutupa. Hata kinyago kibaya kina gharama ya mti ndani yake. Picha ya Tingatinga haina kinga hiyo. Kitambaa cha pamba, fremu ya mbao na kopo la rangi hununuliwa na yeyote. Mwenye vitu hivyo na wiki chache za kujaribu anaweza kutoa twiga anayefanana na twiga. Kwa hiyo chini ya bei ya picha hizi hakuna sakafu, isipokuwa ujuzi wa mchoraji na jina lake.

Hapo ndipo mchuuzi anapojikata mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda picha ya mchoraji, lakini mtindo si mali ya mtu. Twiga watatu chini ya mbuyu wanaweza kuchorwa na yeyote. Mchuuzi anapombana mchoraji ashushe bei, mchoraji naye hupunguza muda. Anapaka usuli mara moja badala ya kuupaka kwa hatua, rangi ikichanganywa kutoka nyepesi hadi nzito. Madoa ya chui anayaweka kwa haraka. Halafu picha hiyo inafika kwenye kibanda ambacho jirani anayo hiyohiyo, na jirani wa jirani pia, na mtalii anajua kwamba akisogea hatua tano bei itashuka.

Chukua mtaji wa Sh. 400,000, kwa mfano tu. Mchuuzi wa kwanza ananunua picha 40 kwa Sh. 10,000 kila moja, akitarajia kuuza kwa Sh. 15,000. Kwa ushindani wa vibanda anajikuta anauza kwa Sh. 12,000, na msimu unaisha akiwa ameuza 25. Mkononi ana Sh. 300,000 na picha 15 ambazo hazina tofauti na za wenzake. Mchuuzi wa pili ananunua picha 8 kwa Sh. 50,000 kutoka kwa wachoraji wawili anaowafahamu, na kuuza kwa Sh. 85,000. Akiuza 5 tu amepata Sh. 425,000. Mtaji umerudi, na picha 3 zilizobaki hazina mfano wake pale mtaani. Ni kweli kwamba wa pili anahitaji uvumilivu zaidi, na mwenye kodi ya kibanda ya kulipa kila mwezi hawezi kuishi kwa picha nane. Wengi huchanganya: ndogo za bei rahisi kwa ajili ya kodi, chache nzuri kwa ajili ya faida. Kosa ni kuwa na za kwanza peke yake.

Soko hili pia linategemea ndege zinazotua. Watalii waliofika Tanzania walikuwa takriban milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, wakashuka hadi kama 620,000. Hata katika mwaka wa kawaida, miezi ya masika ni ya ukame wa wateja. Ndiyo miezi ambayo mchoraji yuko tayari kuuza kwa bei yoyote, na mfanyabiashara mwenye fedha hushawishika kumkamua. Afadhali kutoa kazi ya msimu ujao wakati huo, kwa bei ya haki na malipo ya awali. Mchoraji anapata chakula na rangi, mnunuzi anapata picha iliyochorwa bila haraka. Fundi mzuri akiacha brashi akaenda kuendesha bodaboda, hakuna wa kumnunulia tena kazi yake Julai.

Kwa mwekezaji anayewinda picha za zamani, tahadhari ni kubwa zaidi. Kazi za Tingatinga mwenyewe ni chache na zinatafutwa Ulaya na Japani, na za kughushi zimekuwapo sokoni. Saini peke yake haitoshi, maana saini ndiyo rahisi kuiga kuliko yote. Hadibodi kuukuu nayo bado inapatikana. Kinachouzika ni historia ya picha: nani aliinunua, lini, ilikaa wapi, kuna barua au fotografia gani ya wakati huo. Asiye na hivyo anauziwa hadithi.

Kwa picha mpya, historia hiyo inaweza kuanzishwa leo kwa gharama ya daftari moja. Andika jina la mchoraji, tarehe na kipimo, mpige picha akiwa na kazi yake, na umpe mteja stakabadhi yenye maelezo hayo.

Jambo la mwisho ni la ghalani. Rangi ya mafuta hukauka juu kabla ya ndani. Picha zikipangwa juu ya nyingine mapema hushikana, na zikibanduliwa huacha vidonda. Ziachwe wazi mpaka zisinate hata zikibonyezwa kwa kidole. Zikibidi kukunjwa kwa safari, zizungushwe kwenye bomba pana, upande wenye rangi ukiwa nje.