Presha ya macho ni kawaida, glakoma imetoka wapi?

Swali: Daktari, nilipimwa presha ya macho hapa Eldoret, ikawa 15. Mbona naambiwa nina glakoma?

Jibu: Pole, ndugu msomaji. Presha chini ya 21 si kinga. Ipo glakoma inayoharibu neva ya jicho hata presha ikiwa ya kawaida. Daktari aitazame neva yenyewe, apime upana wa kuona na unene wa konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Konea nyembamba hufanya presha ionekane ndogo kuliko ilivyo. Mwambie kama unameza dawa za shinikizo la damu usiku, maana shinikizo hilo likishuka mno usingizini neva hukosa lishe. Usiziache mwenyewe! Matone ya dawa ya macho hulenga kupunguza hiyo 15 kwa asilimia 30 hivi, ifike 10 au 11. Uoni uliopotea haurudi. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Moi, na ndugu zako wa tumbo moja wapimwe pia.