Doa la Injini Lina Asili Yake: Vidokezo kwa Wenye Pikipiki Busia na Tororo

Kati ya Busia na Tororo pikipiki haipumziki. Bodaboda yenyewe ilianzia mpaka huu wa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Siku hizi ni Boxer na TVS, na injini zake hupokea kila kilichomo njiani: vumbi jekundu wakati wa kiangazi, matope wakati wa masika, dizeli inayodondoka kwenye foleni ya malori pale Malaba, na unga wa saruji upande wa Tororo. Uchafu wa kawaida hutoka kwa maji na sabuni. Vidokezo hivi ni vya madoa sugu, yale yanayomfanya mtu achukue msasa kwa hasira. Tafadhali uweke chini huo msasa. Rangi ya injini ndiyo inayoikinga aluminiamu iliyo chini yake, na ikishabanduka hairudi kwa kusugua.

1. Lijue doa kwanza. Kahawia ngumu iliyotambaa kuanzia kwenye gasketi ni mafuta ya injini yaliyoungua. Ganda la kijivu ni saruji. Vidoa vyeusi vinavyonata upande wa mbele, mahali gurudumu linaporushia, ni lami. Uji mzito mweusi nyuma ya kifuniko cha sproketi ya mbele ni grisi ya cheni iliyochanganyika na mchanga. Dawa inayotoa hili haitoi lile, na watu wengi huharibu rangi kwa sababu wametumia dawa kali kwa doa lisiloihitaji.

2. Injini ipoe kabisa. Ukimwagia maji baridi chuma kilichotoka kupanda mlima na abiria wawili, chuma husinyaa ghafla, rangi hupasuka nyufa ndogo, na maji hupenya humo. Subiri hadi uweze kuweka kiganja kwenye mbavu za silinda na kukiacha hapo bila wasiwasi.

3. Funika mdomo wa kabureta, kichujio cha hewa na tundu la bomba la moshi. Nailoni na mpira wa kufungia vinatosha. Mashine ya presha usiielekeze kwenye plagi, nyaya wala beringi za magurudumu. Injini ikikataa kuwaka baada ya kuoshwa, mara nyingi ni maji yaliyoingia kwenye kofia ya plagi.

4. Saruji: usianze na maji. Hiki nakisisitiza kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachokosewa zaidi huku kwetu. Kiwanda cha Tororo kimekuwa kikitoa saruji tangu miaka ya 1950, na mifuko hubebwa hadi kwenye bodaboda, ikivuja unga kila tuta la barabara. Unga ule ukiwa mkavu ni vumbi tu. Ukiupa maji unaanza kushika, na kesho yake una zege jembamba katikati ya mbavu za injini. Basi chukua brashi kavu ya kupakia rangi, yenye nywele laini, upapase kuanzia juu kwenda chini hadi unga utoke. Pulizia hewa kwa pampu ya baiskeli mahali vidole visipofika. Ndipo umwage maji, tena mengi, yaondoe kilichobaki kabla hakijashika.

Kama ganda limeshakauka, changanya siki na maji kiasi sawa. Lowesha kitambaa, kibandike juu ya ganda dakika chache, kisha futa na usuuze vizuri. Saruji inalegezwa na asidi, ndiyo maana siki au maji ya limau hufanya kazi. Lakini asidi hiyo hiyo hula aluminiamu iliyo wazi, kwa hiyo mahali rangi imebanduka usiiache ikae. Jaribu kwanza sehemu ya chini isiyoonekana. Ganda nene litahitaji kurudiwa mara kadhaa. Ukikosa subira na kuchukua bisibisi, utabandua saruji pamoja na rangi.

5. Mafuta yaliyoungua: yape muda, si nguvu. Paka mafuta ya taa kwa mswaki wa zamani, acha dakika kumi au kumi na tano, sugua polepole, futa, rudia. Tabaka la juu hutoka mara ya kwanza. Lile la kahawia lililoganda kwenye rangi hutoka kidogo kidogo. Likibaki kivuli, koroga soda ya kuokea na maji kidogo iwe uji, paka kwa kitambaa laini, zungusha taratibu. Malizia na sabuni ya kuoshea vyombo ili mafuta ya taa yasibaki, maana yakibaki yatavuta vumbi siku hiyo hiyo.

Petroli usiitumie. Inalainisha baadhi ya rangi, na mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu ya betri.

6. Plastiki iliyoyeyuka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, ila hapa mpakani mifuko hiyo, kaveera, bado huonekana, na koti la mvua la abiria nalo huyeyuka vile vile likigusa chuma cha moto. Washa injini kidogo tu ipate uvuguvugu, izime, kisha kwangua kwa kijiti cha mti kilichochongwa ubapa. Plastiki ikiwa baridi inang'ang'ania, ikiwa moto sana inatambaa na kukuunguza vidole. Mabaki yafute kwa mafuta ya kupikia. Lami nayo hulegea kwa mafuta hayo hayo ukiyaacha nusu saa.

7. Vitu usivyopaswa kuweka karibu na injini: Jik, dawa ya choo, kostiki, thina, waya wa kusugulia sufuria. Kostiki ikigusa aluminiamu hutoa povu, na povu hilo ni chuma chako kinachoondoka. Mafuta ya breki yakidondoka, suuza mara moja, kwani hubandua rangi nyingi.

8. Osha mbali na mto. Mto Sio unaishia Ziwa Victoria, na kabla ya kufika huko kuna watu wanaochota maji ya kunywa. Mafuta ya taa na grisi ya injini moja huenea juu ya maji mengi. Weka beseni au boksi kuukuu chini ya injini unapopaka mafuta ya taa, na yale machafu yamwage kwenye debe la fundi pamoja na oili ya zamani.

9. Acha kupaka dizeli au oili chafu ili injini ing'ae. Najua inapendeza kwenye steji asubuhi. Kufikia saa sita mchana vumbi limeshaganda juu yake, na kama umepita Tororo umejitengenezea uji wa mafuta na saruji. Kausha kwa kitambaa, washa injini dakika tano, basi.

10. Rangi ikiwa imeshatoka, usinunue spreyi ya geti. Injini inayopozwa kwa upepo hupita nyuzi joto 100 kirahisi, na kichwa cha silinda hupita hapo zaidi. Tafuta kopo lililoandikwa kuwa linastahimili nyuzi 200 au zaidi. Hapa ndipo msasa, ule laini, unapopata kazi yake. Futa mafuta yote, paka tabaka jembamba jembamba, ukifuata maelezo ya kopo kuhusu kukausha kwa joto.

11. Tafuta mvujo. Doa la mafuta linalorudi kila wiki mahali pale pale si la kuoshwa tena. Injini ikiwa safi na kavu, nyunyizia poda ya mtoto kuzunguka gasketi na sili, endesha hadi Adungosi na kurudi, kisha angalia poda imelowa wapi. Mpeleke fundi pale pale palipolowa, na umwambie akaze bolti kwanza kabla hajakuuzia gasketi mpya.